Mimi na Bibi Mwanahamisi, Nani Alikabidhiwa Nani

Sisi tuliokulia Kilosa ule wakati wa ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni tena na mitumba ikaanza kumwagwa chini kwenye maturubai, tulikuwa watoto wa kutumwa. Wenzangu mnanielewa. Ulikuwa unatumwa na mama yako, unatumwa na jirani, unatumwa hata na mtu usiyemjua aliyekaa barazani kwake anakuna nazi. Anakuita tu, "We mtoto, hebu njoo." Unakwenda, unasema shikamoo, unapewa kopo, unakimbia. Ukirudi unapewa kipande cha muhogo, au hupewi kitu, yote sawa. Hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Nani alikuwa anajua mtoto anachoka?

Mahindi ya kusaga tulibeba wenyewe kichwani, tukapanga foleni mashineni, tukarudi weupe nyusi mpaka kope kama wazee. Mto Mkondoa tulikatazwa kuoga, na kila siku tulioga. Ukirudi nyumbani mama anakushika mkono, anakukwaruza na ukucha, ukitoka mstari mweupe basi umekwisha. Tukagundua dawa yake: unajipaka mafuta ya nazi ya mama kabla hajarudi shambani. Halafu unachapwa kwa ajili ya mafuta. Mjomba akija kutoka Ruaha alikuwa anatua mzigo wa miwa uani, na ule muwa unaumenya kwa meno yako mwenyewe, ukikatika fizi unatema damu unaendelea. Siku hizi muwa unakatwakatwa vipande unafungwa kwenye kimfuko, na bado mtoto anakuuliza, "Mama, huu umeoshwa?"

Sasa nisiende mbali. Nataka niwasimulie jinsi mama yangu alivyonituma Mikumi peke yangu, nikiwa darasa la nne, kufuata gauni langu la komunyo.

Ilikuwa hivi. Mama alipata kitambaa cheupe cha lesi kwenye mitumba. Ukweli ni kwamba kilikuwa pazia. Lilikuwa na vitundu juu vya kupitishia waya, lakini mama alilipiga jicho tu akasema, "Hili ni gauni." Dada yake, Mama Mkubwa wetu, alikuwa fundi cherehani Mikumi, anashonea barazani kwake karibu na barabara kubwa. Kutwa anawabadilishia madereva wa malori zipu za suruali huku wenyewe wamejifunga vitenge wanasubiri. Pazia likapelekwa kwake na mtu aliyekuwa anasafiri. Likakaa huko. Wiki ya komunyo ikafika gauni bado liko Mikumi, baba yuko safarini na reli, na mama ametoka kujifungua mdogo wangu, yupo kwenye arobaini, hata kwenda dukani hakuwa anakwenda.

Na katekista wetu alikuwa mtu wa msimamo. Alishatutangazia: asiye na gauni jeupe Jumapili atakaa benchi la nyuma na kusubiri mwaka ujao. Mwaka ujao! Mimi niliyekariri sala zote, amri zote, mpaka zile za kanisa. Nilikuwa nalala naota nimekaa benchi la nyuma na watoto wadogo wanaojifunza kupiga ishara ya msalaba.

Basi Ijumaa mama akanivalisha, akanifunga kanga kiunoni, akaniambia, "Utakwenda wewe."

Jirani yetu Mama Sikujua aliyekuwa anamwogesha mtoto akashtuka. "Wewe, huyu? Peke yake? Na magari yale?"

"Ana mdomo," mama akasema. "Ana miguu. Na shikamoo anaijua."

Halafu akanipa sheria moja tu. Nikikwama mahali popote, nisisimame kulia. Nitafute mama mwenye mtoto mgongoni, nimsalimie, nimwambie mimi ni wa nani na ninakwenda wapi. Akaniwekea mkono kichwani akanisalia, akaniambia niende, na yeye akaingia ndani hata hakunisindikiza kwa macho. Wakati ule nilifikiri hakuwa na wasiwasi.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Mama alishamtuma Mama Sikujua anikabidhi kwa kondakta, na kondakta akanikalisha juu ya gunia la vitunguu, nikafika. Tena tulipita kijiji cha Ulaya, nikajisemea moyoni kwamba nikirudi nitawatambia wenzangu nimefika Ulaya na wasibishe. Usiku nikalala kwa Mama Mkubwa nasikia malori yananguruma barabarani mpaka nikadhani yanapita chumbani. Gauni lilikuwa limeisha. Jamani! Mikono imevimba kama maandazi ya sikukuu, na chini marinda. Vile vitundu vya waya Mama Mkubwa alivigeuza mapambo ya shingoni. Akalikunja, akalifunga kwenye kanga, akanitwika.

Asubuhi ya Jumamosi akanipeleka stendi kunikabidhi. Vijana wanaosoma hapa huenda hawajui kukabidhiwa. Unaingia kwenye basi, unaangalia nyuso, unachagua mtu mzima anayeonekana ana Mungu, unampa mtoto wako. Humjui, hakujui, na imekwisha hiyo. Mama Mkubwa akachagua bibi mmoja aliyejitanda ushungi mweupe, amekaa wima dirishani kama mkuu wa shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nakukabidhi binti yangu huyu. Anashuka Kilosa. Asikae karibu na mlango."

"Ondoa shaka," bibi akasema. "Yuko mikononi mwangu. Mimi ni Bibi Mwanahamisi, nimelea kumi na moja na sijapoteza hata mmoja."

Mama Mkubwa akashuka moyo mweupe. Mimi nikawa najipanga kwenye kiti, mara nasikia "Psst!" upande wa nyuma ya basi. Kijana wa makamo ananiita na kidole. Nikashuka.

"Mdogo wangu, umekaa na mama yangu pale," akaninong'oneza. "Sikiliza. Mama haoni vizuri. Macho yana ukungu kabisa, lakini ukimwambia anakasirika. Usimwambie nimekwambia, atanilaani. Anakwenda Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa, kwa dada yangu, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga. Mshike mkono akishuka. Nakukabidhi."

Nakukabidhi! Mimi! Nilirudi kwenye kiti nimenyooka mgongo. Huku bibi ananishika bega asinipoteze, huku mimi nimemshika ushungi asinipotee. Nadhani hakuna abiria waliolindwa kama sisi siku ile.

Njiani alinionyesha mambo. "Unaona zile nyumba? Pale ndipo nilipoolewa." Nilitazama, palikuwa na ng'ombe wanakunywa maji. Nikasema, "Naona, bibi."

Tulipokaribia kule Ulaya gari likasimama. Usiku mvua ilipiga milimani, mto mmoja ambao siku zote ni wa kuvuka bila kukunja nguo ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita juu ya daraja. Kondakta akashuka, akachungulia, akarudi na habari.

"Abiria, mwisho wa gari ni hapa! Ng'ambo kuna gari linageuza Kilosa. Wenye miguu wavuke, wenye mizigo waombe Mungu!"

Watu wakaanza kukunja suruali. Vijana wakashikana mikono wakafanya mnyororo, maji yanawafika mapajani, wanapiga kelele na kucheka. Mmoja akaniita, "We mtoto, leta hicho kifurushi, panda mgongoni twende! Gari linaondoka lile!"

Nilimtazama. Nikatazama lile gari ng'ambo, injini inaunguruma, na huko mbele ya gari kuna Jumapili yangu, kuna mshumaa, kuna wenzangu wote wamevaa nyeupe. Halafu nikamtazama bibi.

Bibi akajitutumua. "Nenda mwanangu, mimi naona, nitavuka taratibu," akasema, na akanipungia mkono wa kwaheri huku amelitazama gurudumu la basi.

"Na huyu bibi nani atambeba?" nikamuuliza yule kijana.

"Bibi ni wako?"

"Nimekabidhiwa."

Wakaangua kicheko. "Kamekabidhiwa bibi! Haya, kabaki naye!" Wakavuka. Gari likapiga honi, likaondoka, nikabaki nalisikiliza mpaka likanyamaza. Kondakta akatandika gunia chini ya basi akalala. Nililia kidogo, kwa kujificha, kwa sababu bibi hakuona lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Unalia nini?"

"Silii, bibi."

"Usiogope. Upo na mtu mzima."

Ndipo likaja gari la ng'ombe. Kwa kweli tulilisikia kwanza, magurudumu yanalia. Ilikuwa ni familia ya wale wafugaji waliokuwa wameanza kuingia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, na wakati ule sisi watoto wa mjini tulikuwa tumetishwa nao mpaka basi. Tuliambiwa wanatia watoto kwenye magunia. Na kweli pale kwenye gari yalikuwepo magunia! Lakini juu ya magunia alikaa mama, na mgongoni kwake kulikuwa na mtoto. Sheria ya mama ikanijia. Nikajitwika kifurushi, nikaenda.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Mama Dativa, wa Kilosa karibu na stesheni. Gauni langu la komunyo liko humu, na bibi yule nimekabidhiwa, haoni ila msimwambie."

Yule baba akanitazama, akamwambia mkewe maneno kwa lugha yao, wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. "Marahaba, mama," akaniambia, eti mimi ndiye mama. "Basi tukae kwanza. Maji haya yana hasira. Yakichoka tutapita."

Akakata kijiti, akakichomeka ukingoni maji yanapoishia, akakaa chini kuvuta tumbaku. Hakuwa na haraka. Kila baada ya muda anatazama kijiti. Mkewe akatupa viazi vya kuchemsha, bibi akala akavisifu kwamba ni mihogo mizuri. Maji yaliposhuka na kijiti kikabaki pakavu kabisa, mbali na mto, baba yule akaingia mwenyewe kwanza, anapapasa daraja kwa fimbo mpaka ng'ambo, akarudi, akasema, "Pandeni."

Akampandisha bibi kwa heshima zote. Mkewe akashuka kuongoza ng'ombe kwa mbele pamoja na mumewe, na yule mtoto mchanga nikampakata mimi. Hebu nioneni: mtoto kifuani, kifurushi mapajani, na mkono mmoja umemshika Bibi Mwanahamisi aliyekuwa anasoma dua kwa sauti, na mimi nasoma Salamu Maria kwa sauti, na ng'ombe nao wanasema yao.

Katikati ya daraja gurudumu moja likaingia shimoni. Gari likalala upande. Bibi akateleza. Kifurushi nacho kikateleza, huku, kwa upande mwingine. Mkono wangu ulikuwa mmoja tu.

Nilimshika bibi. Nilimshika ushungi, nikamshika kanga, nikamshika na meno nadhani. Nikaona kifurushi changu kinaingia kwenye yale maji ya chai ya maziwa, kinaelea vizuri tu kama bata, kinakwenda zake. Yule mama mbele akapiga ukelele, akamnyang'anya mumewe fimbo mkononi, akaingia majini mpaka kifuani, akakinasa kabla hakijafika kwenye matete. Gari likatoka shimoni. Tukavuka.

"Kuna nini?" bibi akauliza. "Mbona mnapiga kelele?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Nimekushika vizuri lakini?"

"Umenishika, bibi."

Ng'ambo tulipata lori la ndizi, yule baba akazungumza na dereva, akanikabidhi tena! Jina lake sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Tukaingia Kilosa jua bado lipo. Nikampeleka bibi Mabwerebwere, nyuma ya mashine, kwa binti yake, kama nilivyoagizwa. Nikadhani kazi imekwisha. Bibi akagoma kukaa.

"Sitakunywa hata maji. Nimekabidhiwa mtoto wa watu. Lazima nimrudishe kwa mama yake kwa mkono wangu."

Basi safari ikaanza upya, mimi namwongoza bibi, bibi ananirudisha nyumbani, na binti yake nyuma anajiuma midomo asicheke. Mama alikuwa uani kwenye mkeka ananyonyesha. Mlangoni palikuwa na mtungi wa maji tuliokuwa tumeufunika kitambaa. Bibi akasimama mbele ya ule mtungi, akaupa mkono.

"Mama, habari za uzazi? Mtoto wako huyu hapa. Nilikabidhiwa mzima, namrudisha mzima. Gauni limelowa kidogo, lakini binti sikumwachia mkono hata mara moja."

Nikafungua mdomo. Jamani, nilikuwa na maneno! Mama akanitazama jicho moja tu, lile wenzangu mnalijua, nikaufunga.

"Shikamoo mama," akasema kutoka kwenye mkeka. "Mungu akulipe sana. Umenilelea."

Bibi akageuka kidogo kufuata sauti, akajibu marahaba, akaombwa akae, akakataa, akaondoka kifua mbele. Mama akaendelea kunyonyesha mpaka nyayo zao zikaishia. Ndipo akaniambia, "Nimeona alivyousalimia mtungi. Kuna uji, kanywe."

Basi. Hiyo ndiyo sifa niliyopewa, na niliishi nayo mwaka mzima.

Gauni tulilifua na Mama Sikujua, tukalifua tena, likakataa. Likabaki na rangi ya yai la kienyeji. Tukalipiga pasi ya mkaa likiwa bichi. Jumapili nikaenda nalo. Katekista akanizungusha mlangoni mwa kanisa, akanitazama mikono iliyovimba, akatazama chini kwenye marinda.

"Hili ni gauni jeupe?"

"Jana asubuhi lilikuwa jeupe, katekista. Nilikuwa nimekabidhiwa bibi."

"Bibi gani?"

Nikamweleza, haraka haraka, kengele inalia. Aliangalia pembeni muda mrefu, mabega yanacheza. Halafu akanishika akanipanga katikati ya mstari, wasichana wenye nyeupe huku na huku, akasema, "Tembea na wenzako."

Mambo mengi nimeyapata baadaye, nimeolewa, nimezaa, nimekwenda kumalizia masomo yangu ya jioni nikiwa mtu mzima na watoto wananicheka kwa kubeba madaftari. Na kila nilipokuwa naogopa kuanza jambo, nilikuwa nakumbuka kwamba kuna siku nilishawahi kuaminiwa.

Watoto wetu wa sasa tunawapenda, sikatai. Tunawapenda mpaka tunawamenyea machungwa. Dada mtu mzima ana miaka kumi na sita, ukimtuma mashineni anakuuliza, "Kwani hakuna bodaboda?" Ukimwambia aulize njia, anakuuliza kama kuna mtandao. Lakini tusiwacheke sana, kwani nani aliyewafunga? Ni sisi. Sisi tuliovuka mito ndio tunaowakataza kuvuka barabara. Na mimi wa kwanza.

Leo asubuhi binti yangu wa mwisho, darasa la nne, amepanda gari kwenda Mikumi kwa shangazi yake. Peke yake. Ameniomba tangu likizo ianze, na kila akiomba nilikuwa napata sababu: mvua, vumbi, wenda wazimu, joto. Jana usiku aliniuliza, "Mama, unafikiri siwezi?" Nikamwambia akalale mapema.

Pale stendi watu wameinamia simu zao, nimezunguka nikampata mama mmoja mwenye vifaranga kwenye tenga, nimemsalimia. Gari limeondoka. Mwanangu hakugeuka hata kunipungia, alikuwa anahesabu vifaranga.

Nimerudi nyumbani nikaingia chumbani moja kwa moja, nikafunga mlango, nikapiga magoti. Na hapo ndipo nimemwelewa mama yangu, ambaye sasa hayupo, Mungu amrehemu. Siku ile hakunisindikiza kwa macho kwa sababu asingeweza kuniachia. Mama Sikujua yupo bado, mzee sana. Nimempigia nikamuuliza mama alishindaje ile Jumamosi. Akaniambia, "Hakula. Alikaa na rozari pale mkekani tangu asubuhi, kila mtu akipita njiani anainua shingo."

Mama alikuwa na rozari peke yake. Mimi nina rozari na nina simu, na ninaogopa kuliko alivyoogopa yeye. Mtoto nimemwekea kasimu kadogo mfukoni, nimemwambia ni kwa dharura. Dharura hakuna. Nimeshika namba yake tangu gari liondoke, kidole kiko juu ya kitufe.

Sijapiga.